Uso Wangu Ndani ya Basi la Ndola

Jambo yenu!

Wa nyuma hawajaitika. Jambo yenu! Haya, sasa tuko pamoja.

Bamama, batata, wadogo zangu wa jukwaani, nimeombwa nizungumze juu ya pesa za waigizaji katika tamthilia za majukwaa ya mtandaoni. Najua kwetu Lubumbashi msanii akitaja pesa mapema anaitwa mtu wa tamaa. Mimi ni mhasibu, pesa za watu ndizo zinazonilisha, kwa hiyo niiteni hivyo bila woga. Lakini kabla ya uhasibu niliigiza, na nitaanzia huko.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilicheza mama mkwe katika mchezo wa mfululizo uliorekodiwa hapa hapa, nyumba moja ya Kamalondo na uwanja mmoja wa Katuba. Siku nane za kazi. Mtayarishaji, ambaye sitamtaja maana sikuja kugombana, alinipa dola 150 mkononi, nikasaini karatasi juu ya boneti ya gari lake. Sikuisoma. Nilikuwa na haraka ya kwenda kununua unga wa bukari. Miaka miwili baadaye nilipanda basi kutoka Kasumbalesa, mpakani, kwenda Ndola, Zambia, na kwenye kile kiskrini kilichoning'inia juu ya dereva nikajiona. Mimi mwenyewe, na kitenge changu mwenyewe, kwa sababu hata nguo tulivaa za kwetu. Abiria walikuwa wanakufa kwa kicheko pale ninapomfukuza mkwe na mwiko. Kijana aliyekaa pembeni yangu akanitazama, akatazama skrini, akanirudia mimi: "Mama, ni wewe?" Nikamwambia ni pacha wangu.

Niliona haya. Kule juu nilikuwa nyota, na pale kwenye kiti nilikuwa nahesabu kama nauli ya kurudi itatosha.

Basi lile lilikuwa na deni kwangu? Kwa karatasi ile niliyosaini, hapana. Lakini kuna watu duniani ambao kwa karatasi yao jibu lingekuwa ndiyo, na leo nataka tuone hesabu yao inavyokwenda, kisha tujiulize inatufaa nini sisi tusio na karatasi ya namna hiyo.

Kule Hollywood mwigizaji hulipwa tena kazi yake inapotumika zaidi ya yale matumizi ya kwanza aliyolipiwa. Nitayaita malipo ya marudio. Hayatoki kwenye ukarimu wa mtu yeyote. Yameandikwa kwenye mkataba kati ya chama cha waigizaji na watayarishaji, na asiyelipa anadaiwa.

Sisi watu wa shaba hatuhitaji mwalimu wa mbali kwa jambo hili. Nani hapa hajui redevansi? Kampuni ikitoa shaba ardhini inalipa mrabaha. Kanuni ya madini ya Kongo ya 2002 iliweka asilimia 2 kwa shaba, tena baada ya kutoa gharama za usafirishaji na nyinginezo. Sheria ya Machi 2018 ikapandisha hadi asilimia 3.5, na kobalti ilipotangazwa madini ya kimkakati ikafika asilimia 10. Na hili mlishike, nitalirudia: sheria hiyo mpya ilisema mrabaha ukatwe kwenye thamani ghafi ya biashara, kabla kampuni haijaanza kutusomea orodha ya gharama zake.

Malipo ya marudio ni ndugu wa mrabaha, ila kuna tofauti moja inayoninyima usingizi. Tani ya shaba inachimbwa mara moja. Ikishavuka Kasumbalesa imekwenda. Kipindi cha tamthilia kinachimbwa Jumatatu, Jumanne kinachimbwa tena, na mwakani bado kimo vile vile, hakijapungua hata gramu. Ni shimo lisiloisha, na madini yake ni uso wako.

Wamarekani hawakuyapata kwa sala. Televisheni ilipoanza, michezo mingi ilichezwa moja kwa moja, ikiisha imeisha. Ilipokuja kurekodi, mwigizaji akajikuta anashindana na yeye mwenyewe: stesheni iagize mchezo mpya kwa nini, wakati wa jana uko kabatini? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama chao kikapata malipo ya marudio ya televisheni, lakini kwa idadi ndogo ya marudio. Halafu filamu za sinema nazo zikaanza kuuzwa kwa televisheni. Machi 1960 wakagoma, rais wa chama akiwa Ronald Reagan. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa nchi. Aprili wakarudi kazini na makubaliano: filamu za kuanzia 1960 zitalipiwa zikionyeshwa kwenye televisheni. Za nyuma wakazisamehe, wakapewa dola milioni 2.25 za kuanzishia mfuko wa pensheni na matibabu. Kwa hiyo wazee waliong'ara katika filamu za miaka ya 1930 na 1940 walikaa sebuleni wakijitazama bure, kama mimi kwenye basi. Mwaka 1974 ndipo marudio ya televisheni yakaanza kulipiwa bila ukomo wa idadi.

Utaratibu wa televisheni mtoto wa shule anaweza kuufuata. Wakirudia kipindi, unalipwa. Marudio yakiongezeka, kiwango kinashuka, mpaka kuanzia onyesho la 13 kwenye stesheni zinazonunua vipindi vya zamani kinabaki asilimia 5.

Sasa njooni kwenye jukwaa la mtandaoni. Marudio ni yapi? Tamthilia inawekwa Ijumaa usiku na haitolewi. Mmoja anaitazama usiku huo huo mpaka alfajiri, mwingine anaitazama baada ya miezi saba, amelazwa na mguu uliovunjika. Nani ameirudia? Hakuna. Kile kitu walichokuwa wanakihesabu miaka sabini kimetoweka mbele ya macho yao. Ikabidi watafute kipimo kingine: tamthilia imekaa jukwaani mwaka wa ngapi, na jukwaa lenyewe lina wateja wangapi wanaolipia.

Naomba ubao. Asante, mdogo wangu. Ukisikia taa zinazima, usiogope, nina tochi. Mhasibu wa mji huu haendi popote bila tochi.

Naandika namba nne. Ya kwanza ni mshahara wako wa kipindi hicho, mpaka kikomo fulani, maana nyota anayelipwa dola laki mbili hahesabiwi kwa laki mbili zote. Tuchukue mtu wa kawaida, aliyeitwa siku moja tu. Amecheza nesi. Anaingia, anasema "Daktari yuko njiani", anatoka. Kiwango cha chini cha chama chao, SAG-AFTRA, kuanzia Julai 2024 kilikuwa dola 1,204 kwa siku. Ninaona nyuso zenu. Najua. Tuendelee.

Ya pili ni mwaka wa kukaa jukwaani. Katika jedwali la mkataba wa 2020, kwa tamthilia za bajeti kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya jukwaa, siku 90 za mwanzo zimo ndani ya mshahara. Baada ya hapo mwaka wa kwanza unalipwa asilimia 45, kisha inashuka kidogo kidogo mpaka mwaka wa 13, inapofika asilimia 1.5 na kutulia hapo.

Ya tatu watu huisahau, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ukubwa wa jukwaa, ukipimwa kwa wateja wa nyumbani kwao, si wa dunia nzima. Jukwaa likiwa na chini ya wateja milioni 1, unachukua asilimia 20 tu ya hesabu yako. Kutoka milioni 1 hadi 5, asilimia 40. Kutoka 5 hadi 20, asilimia 65. Kati ya 20 na 45 unapata hesabu nzima. Likizidi milioni 45, unapata hesabu nzima na nusu yake juu.

Tumlipe nesi wetu. Dola 1,204 kwa asilimia 45 ni 541.80. Amecheza kwenye jukwaa lile kubwa kabisa, kwa hiyo tunaongeza nusu: dola 812.70. Kwa siku moja ya kazi aliyokwisha kulipwa! Msipige makofi bado. Nesi yule yule, sentensi ile ile, viatu vile vile vyeupe, lakini tamthilia iko kwenye jukwaa dogo lenye wateja laki nane: asilimia 20 ya 541.80 ni dola 108.36. Hakukosea kitu. Amepanda gari tofauti tu. Na kule kwenye jukwaa kubwa, mwaka wa 13 ukifika, mwaka mzima unamletea dola 27.09.

Ya nne ni soko la nje. Mpaka 2023, tamthilia ikionyeshwa nje ya Marekani na Kanada, mwigizaji aliongezewa asilimia 35 ya kiasi cha nyumbani. Maana yake sisi sote hapa, na Wazambia, na Wahindi, na Wabrazili, dunia yote iliyobaki, tuliingia ndani ya hiyo 35. Mkataba uliofuata uliipandisha kwa majukwaa yenye wateja wengi wa nje.

Sasa utazameni ubao vizuri. Kuna namba gani haipo?

Yule dada mwenye kilemba cha manjano amesema: watazamaji. Ndiyo, yaya! Watazamaji hawamo. Kwa hesabu hii, tamthilia iliyowakosesha watu usingizi nchi nzima na ile ambayo hata mama wa mtayarishaji hakuimaliza zinalipa sawa sawa. Televisheni ya zamani haikuwa hivyo: mchezo ukipendwa uliuzwa na kurudiwa, na mwigizaji akala jasho la kupendwa kwake. Jukwaa lilificha hesabu za watazamaji, likasema ni siri ya biashara.

Hilo ni mojawapo ya mambo makubwa yaliyowatoa barabarani mwaka 2023. Waandishi wa miswada waligoma kuanzia Mei 2, waigizaji wakafuata Julai 14, na mgomo wao ukachukua siku 118. Walibeba mabango, na kwenye simu zao walionyeshana hundi za malipo ya marudio zenye senti chache, hundi ambazo stempu ya barua ni ghali kuliko zenyewe. Huko Studio City, Los Angeles, kulikuwa na baa iliyobatizwa kwa jina la malipo hayo hayo, Residuals, iliyojulikana kwa desturi yake: ukileta hundi isiyofika dola moja, walikupa kinywaji. Mngekuwa huko mngesema kinywaji ni bia ya Simba, baridi, na mimi ningekubaliana nanyi.

Lakini msizicheke sana zile senti. Bima ya afya ya chama chao hupatikana ukifikisha kipato fulani kwa mwaka. Mwaka 2023 kilikuwa dola 26,470, na waigizaji walio wengi hawakifikii. Malipo ya marudio yanaingia kwenye kipato hicho. Mtu anaweza kukosa kazi miezi kumi, na dola mia nane za yule nesi zikawa ndizo zinazomvusha kwenda kwa daktari wa kweli.

Mgomo uliwaletea nini upande huu? Nyongeza ya mafanikio. Tamthilia ya bajeti kubwa ikitazamwa, ndani ya siku 90 za kwanza, kiasi cha kufikia asilimia 20 ya wateja wa nyumbani wa jukwaa, kunatolewa nyongeza sawa na malipo ya marudio yenyewe, asilimia 100. Robo tatu ya nyongeza hiyo inakwenda kwa waigizaji wa tamthilia husika. Robo moja inaingia kwenye mfuko wa kuwagawia waigizaji wengine wa majukwaa ambao tamthilia zao hazikubahatika. Hiyo robo mimi ninaipenda sana. Ni likelemba, upatu wa watu wasiojuana.

Tuijaribu kwa kichwa. Utazamaji mmoja unahesabiwa hivi: chukua saa zote ambazo watu wametazama, gawanya kwa urefu wa tamthilia. Tuseme msimu una vipindi 8 vya dakika 45, yaani saa 6. Jukwaa lina wateja milioni 50 nyumbani. Asilimia 20 yao ni milioni 10. Milioni 10 mara saa 6 ni saa milioni 60. Saa zikifika hapo ndani ya siku 90, nyongeza inatoka. Zikiwa milioni 59, hakuna kitu, wala nusu, wala pole. Nesi wetu mwenye 812.70 angeongezewa robo tatu yake, dola 609 na senti kidogo.

Desemba 2023 Netflix ilitoa kwa mara ya kwanza ripoti ya saa za utazamaji, majina zaidi ya 18,000, karibu saa bilioni 100 kwa nusu ya kwanza ya mwaka huo. Vijana wengi wanaichukua ripoti ya namna hiyo, wanagawanya, wanasema tamthilia fulani imevuka mstari. Subirini. Saa hizo ni za dunia nzima na za miezi sita. Kipimo cha nyongeza ni cha nyumbani na cha siku 90. Ukigawanya saa za Goma na Mumbai kwa wateja wa Chicago utapata tajiri wa kwenye karatasi.

Nipite haraka kwenye mambo mawili madogo. Wale wanaojaza soko au kanisa nyuma ya wahusika, wasio na la kusema, hawapati malipo ya marudio hata huko. Na mwigizaji akifa, malipo yanaendelea kwa warithi; chama kinatunza hata orodha ya pesa ambazo wenyewe hawajapatikana, na mtu anaweza kutafuta jina lake. Kwetu hapa, ndugu wa marehemu wangeijua njia ya ofisi hiyo kabla ya matanga kuvunjwa.

Kuna mkono umeinuliwa muda mrefu. Sema, mdogo wangu.

"Mama, hesabu ni nzuri, lakini sisi hatuko Hollywood. Chama chenye nguvu hatuna. Sasa hizo asilimia tutamwonyesha nani?"

Umeniuliza swali nililotaka kuulizwa, na sitakudanganya. Ukimpelekea mtayarishaji wa hapa jedwali la SAG-AFTRA atakucheka, na ana haki ya kucheka, kwa sababu hakulisaini. Jukwaa ni lile lile, filamu inaonekana Los Angeles na Lubumbashi saa ile ile, lakini deni linafuata karatasi, halifuati skrini. Mwaka 2021 tamthilia ya Korea Kusini, Squid Game, ilitikisa dunia, na nyaraka za ndani za Netflix zilizovuja zilikadiria kwamba thamani yake kwa kampuni hiyo ilikaribia dola milioni 900. Aliyeibuni na kuiongoza, Hwang Dong-hyuk, mkataba wake ulikuwa umeiachia kampuni haki zote, bila malipo ya marudio. Huyo si mgeni wa kazi kama mimi juu ya boneti. Afrika Kusini nako, miswada miwili ya sheria ambayo waigizaji wameipigania ili walipwe kwa marudio ilipita bungeni, ikarudishwa na rais mwaka 2020, ikapita tena, na Oktoba 2024 rais akaipeleka Mahakama ya Katiba. Wana sinema kubwa kuliko yetu, na bado walisubirishwa miaka.

Sisi tuna sheria-amri ya Aprili 5, 1986, juu ya haki za mwandishi na haki jirani, yaani haki za wanaoicheza au kuiimba kazi yake, na mwigizaji yumo ndani ya hizo haki jirani. Tuna SOCODA, shirika la kukusanya pesa za haki za wasanii, iliyorithi nafasi ya SONECA, na wanamuziki wa mji huu wanaijua kuliko waigizaji. Nenda ujiandikishe, haidhuru. Lakini sheria inakupa haki ya kukubali au kukataa, na ukisaini kwamba umeuza vyote, umekubali. Kwa hiyo mimi nguvu zangu naziweka kwenye dakika tano kabla ya kalamu.

Ninafanya hivi kwa watu wanaokuja ofisini kwangu. Kwanza namuuliza: kashe yako, yaani malipo yako ya kuigiza, ni kiasi gani na inanunua nini? Wengi wanajua nusu ya kwanza tu. Tuseme ni dola 600 kwa siku sita. Karatasi inasema haki zote, dunia nzima, milele. Namwambia: basi usiihesabu 600 kama mshahara wa siku sita. Igawanye: hizi ni za kazi, na hizi ni za umilele. Siku sita kwa bei yako ya kawaida ya dola 100 ni 600. Umilele wako umebaki shilingi ngapi? Sifuri. Umeutoa bure, kama nyongeza ya nyanya sokoni.

Hapo ndipo tunapoanza kupigania muda. Badala ya milele, miaka mitatu. Wakitaka kuendelea kuitumia baada ya hapo, walipe nusu ya kashe, dola 300, kwa miaka mingine mitatu. Hiyo nusu haimo kwenye sheria yoyote. Ni bei yangu ya kuanzia, na mara nyingi tunamaliza kwenye robo. Lakini robo ya 600 ni 150, na mnakumbuka 150 ilininunua mimi mzima, siku nane na milele yangu.

Wengine wanataka asilimia badala ya kiasi kamili, kwa sababu asilimia inapendeza masikioni. Tuihesabu. Hollywood, filamu ya sinema ikiuzwa kwa jukwaa la kulipia, waigizaji wote kwa pamoja wanapata asilimia 3.6 ya mapato ghafi ya msambazaji. Tuseme filamu yetu imenunuliwa na jukwaa kwa dola 20,000. Asilimia 3.6 ni dola 720. Mko kumi na wawili: wastani dola 60 kila mmoja, na aliyefanya siku nyingi atachukua zaidi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini ni kidogo inayokuja kila wanapouza tena, na jambo la maana kuliko ukubwa wake ni lile neno nililowaomba mlishike: ghafi. Ukiandikiwa asilimia 10 ya faida, utazeeka. Faida ya filamu ni kama daktari wa yule nesi, siku zote yuko njiani. Kuna mafuta ya jenereta, kuna tiketi za tamasha, kuna "mawasiliano", na hayo mawasiliano mimi mhasibu nimeyaona yakinunua jiko la gesi. Serikali yenyewe, pamoja na wakaguzi wake wote, ilichoka kukatwa gharama za kampuni za madini ikahamia kwenye thamani ghafi. Wewe peke yako, na daftari lako, utamkagua nani?

Halafu muulize mtayarishaji atauza wapi, na kwa lugha zipi. Mchezo ukitiwa sauti za Kifaransa au Kilingala umepata soko jipya, na uso ni wako bado. Muulize kama vipande vyake vitakatwa kuwa tangazo la sabuni. Tangazo lina bei yake kando. Muulize kama sura na sauti yako vinaweza kutengenezwa na kompyuta kwa kipindi ambacho hukukicheza. Mkataba wa Hollywood wa 2023 unadai idhini ya mwigizaji na malipo kwa hilo, nawe hakuna anayekuzuia kuandika sentensi hiyo hiyo kwa mkono, chini ya ukurasa, mkaweka saini zote mbili.

Na kuna sentensi moja ambayo wenzetu hawaiachi: anayeinunua filamu ananunua na deni lake. Kampuni nyingi za filamu huzaliwa kwa ajili ya kazi moja, kazi ikiisha zinakufa. Miaka mitano baadaye filamu iko kwa mtu wa tatu mwenye ofisi nje ya nchi, wewe unabisha mlango wa Kampemba ambao siku hizi ni duka la vocha za simu. Andikeni kwamba mnunuzi anayechukua haki anachukua na wajibu wa kulipa. Na andikeni kwamba mara moja kwa mwaka mtapewa taarifa ya mauzo, hata kama mauzo ni sifuri.

Atakwambia, "Ukitaka hayo yote nitachukua mtu mwingine." Atasema, na mara nyingine atafanya. Mimi nilikuwa yule mtu mwingine; dada mmoja wa Ruashi alikataa dola 150 kabla yangu, na nilimwona mjinga. Siku hizi nikikutana naye huwa namsalimu kwanza.

Huyu mama wa mstari wa pili amenyanyua bahasha tangu nilipotaja boneti. Lete, mama. Unaruhusu niisome kwa sauti? Asante. Jina la kampuni naliruka. Ukurasa wa tatu. "Kwa njia zote zinazojulikana na zitakazojulikana, dunia nzima, kwa muda wote wa ulinzi wa haki." Kashe: dola 400. Siku: tano. Saini ya mtayarishaji ipo.

Ya kwako haipo. Bado hujasaini? Vizuri. Mdogo wangu, futa ubao, unipe chaki mpya.